Tugombane Kwenye Penseli

Simu ya kazi huwa inaanza hivi: "Kaka, habari za siku? Namba yako nimepewa na jamaa mmoja hapa ofisini. Tuna kijitabu cha watoto, michoro michache tu. Kwako hiyo si kazi ya jioni moja?" Kuhusu jioni sibishani naye. Namwacha amalize, kisha nauliza: kina kurasa ngapi, ukubwa gani, na kitachapwa wapi? Kimya kidogo kinapita. "Ngoja nimuulize bosi, nitakupigia."

Wengine hudhani maswali hayo ni mbwembwe za fundi. Lakini kitabu chembamba cha hadithi hubanwa kwa pini katikati, maana yake kimetengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi ikikunjwa mara moja inatoa kurasa 4. Kurasa 22 hazipatikani hata ukilia. Ni 20 au 24. Mteja akiligundua hilo nikiwa nimeshapaka rangi, tutagombana. Akiligundua kwenye simu ya kwanza, tutacheka. Kwa jinsi ninavyoielewa, kazi ya mchoraji wa kujitegemea kwa sehemu kubwa ni hiyo: kuhakikisha kila ugomvi unatokea mapema, ungali wa bei nafuu.

Nitaeleza kwa kutumia kazi moja, maana maelezo ya jumla hayamfai mtu. Mchapishaji wa hapa Dar es Salaam alinipa hadithi iliyoandikwa na mwalimu mstaafu wa Tanga. Mtoto anaitwa Mbwana. Babu yake ni mvuvi wa Pangani, na kwa mara ya kwanza anamchukua mjukuu baharini kwa ngalawa. Wanatoka, bahari inachafuka kidogo, Mbwana anaogopa, wanarudi na samaki. Hadithi yote ndiyo hiyo, na ni nzuri kwa sababu haina makuu. Kurasa 24, ukubwa wa A4, rangi kila ukurasa.

Kabla ya penseli kuna karatasi. Makubaliano yangu hayazidi kurasa mbili, na nimeyaandika kwa Kiswahili cha kawaida ili mtu asije akasema hakuelewa. Yanasema nitachora nini, nitakabidhi lini, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei: mawili kwenye penseli, yaani michoro ya awali, na moja kwenye rangi. Zaidi ya hapo yanalipiwa. Nusu ya malipo ni kianzio, robo inalipwa penseli zikikubaliwa, robo ya mwisho kabla sijatuma mafaili ya kuchapia. Kuna wateja wanaokunja uso wakisikia kianzio, hasa wale wanaoanza na "sisi ni wateja wa kudumu" wakati hatujawahi kufanya kazi pamoja. Fundi seremala wa Keko hanunui mbao kwa pesa yake ili akutengenezee kabati, na hakuna anayemwita mkorofi. Mbao zangu ni muda, na muda nao nanunua: kodi ya chumba, umeme, bando, na unga wa ugali.

Makubaliano yakishatiwa saini naichapa hadithi kwenye karatasi na kuisoma kwa sauti. Nasoma kama mtu anayemsomea mtoto, polepole, nikisimama pale pumzi inapotaka kusimama. Hapo ndipo kurasa zinapojigawa zenyewe. Katika kitabu cha kurasa 24, ukurasa wa kwanza ni wa jina la kitabu, wa pili ni wa habari za mchapishaji, hivyo hadithi inaanzia ukurasa wa 3 na kuishia wa 24. Ukurasa wa 3 na wa 24 kila mmoja unakaa peke yake. Katikati yake kuna jozi 10 za kurasa zinazotazamana. Hizo jozi ndizo uwanja wangu. Kurasa za kulia zote ni za namba witiri, na ukurasa wa kulia ndio mtoto anaoushika ili afunue. Kwa hiyo wimbi linalomtisha Mbwana nikalitaka lianze kuinuka ukurasa wa 13, mtoto afunue kwa wasiwasi, limwagike kurasa mbili nzima, 14 na 15. Mhariri alikuwa ameligawa wimbi hilo hilo kwenye 12 na 13, mwanzo na mwisho wake vikionekana kwa pamoja. Alipopewa sababu akahamisha sentensi mbili tu, tukamaliza. Kama ningekuwa nimeshachora, kuhamisha sentensi mbili kungemaanisha kuchora upya kurasa nne.

Baada ya hapo nachora vichoro vidogo vya ukubwa wa kibiriti, kitabu kizima kwenye karatasi moja. Havina sura wala vidole. Ni madoa ya giza na mwanga: mtu yuko hapa, ngalawa pale, bahari inaishia hapa. Navibandika ukutani na kurudi nyuma hatua kadhaa. Ukiwa mbali unaona upesi kama watu wote wana ukubwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama kila picha imetazamwa kwa urefu wa macho yale yale, kama kuna kurasa tatu mfululizo zenye babu upande wa kushoto. Nabadilisha: hapa tuchungulie kutoka juu, ngalawa iwe ndogo katika maji mengi, hapa tuwe ndani ya ngalawa, goti la Mbwana liguse ukingo wa ukurasa. Naangalia pia mkunjo wa katikati. Kitu chochote chenye maana kikidondokea pale kinamezwa. Nimewahi kununua kitabu, na nilikipenda, ambacho pua ya mhusika mkuu imepotelea kwenye pini.

Na maneno yanataka mahali pa kukaa. Kiswahili kinakula nafasi, vitenzi vyetu ni virefu, na mchapishaji wa watoto anataka herufi kubwa. Ndiyo maana anga langu mara nyingi liko tupu. Si uvivu.

Baada ya vichoro hivyo ndipo ninapotoka nyumbani. Kwa kitabu cha Mbwana nilikwenda Kunduchi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikiwa na daftari na penseli laini. Picha za ngalawa mtandaoni ni nyingi mno, lakini nyingi zimepigwa na wageni jioni, jua likiwa nyuma ya tanga. Zinapendeza, ila hazikufundishi kitu, kwa sababu kamba zote ni nyeusi na hujui ipi inakwenda wapi. Mchoraji anataka kujua gogo limechongwaje, kwa kawaida la mwembe. Vile vibao viwili vya pembeni vinavyoizuia isipinduke vimefungwa vipi kwenye miti inayopita juu ya mtumbwi. Foromali, ule mti unaofungwa tanga, inavyoning'inia mshazari upande mmoja wa mlingoti, na tanga lilivyoshonwa viraka. Tanga letu halina umbo la pembetatu iliyosimama wima kama la mashua za starehe za Ulaya. Ukilichora hivyo, mtoto wa mjini hataona kitu, lakini wa Pangani ataona, naye ndiye mwenye hadithi.

Kuna jambo moja lilinichukua muda mrefu kuliko yote: upepo. Hadithi inatokea msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Ukisimama ufukweni Pangani ukiitazama bahari, mashariki iko mbele yako na kusini iko kulia kwako. Basi katika kila picha inayotazama baharini, upepo unatoka kulia. Minazi inainamia kushoto. Nguo za kwenye kamba zinapepea kushoto. Moshi wa jiko la bibi unalala kushoto. Hapo nikapata zawadi ambayo sikuiomba: mtoto anasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo nikawapeleka Mbwana na babu kulia wakati wa kutoka, wakipiga makasia dhidi ya upepo kwa taabu, na wakati wa kurudi tanga limejaa, upepo unawasukuma kushoto, kuelekea kurasa walizotoka. Maandishi hayasemi lolote kuhusu hayo. Hakuna mtoto atakayeyataja. Ila nadhani mwili wake utaelewa kwamba kwenda kulikuwa kugumu na kurudi kulikuwa kwepesi.

Kisha nachora karatasi ya wahusika. Mbwana kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma, akiwa amekaa, amechuchumaa, amekasirika. Kimo chake kikifika kwenye kiwiko cha babu, na kibaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Babu ana kikoi akiwa nyumbani na kaptula iliyochoka akiwa baharini, kofia ya mkono kwa safari ya msikitini tu. Mbwana nikamvika shati la njano, kwa sababu maji na anga vitakuwa vya buluu kurasa 14 nzima na nilitaka jicho limpate hata akiwa mdogo kama punje. Karatasi hii naituma kwa mteja peke yake, bila picha nyingine, na siendelei mpaka aijibu kwa maandishi. "Iko poa" ya mdomoni siihesabu.

Sasa penseli zenyewe, kwa ukubwa kamili. Hapa ndipo nilipopigiwa simu na Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nimeziona picha zako. Nzuri. Lakini ukurasa wa 16 nimesema Mbwana alilia sana, na wewe umemgeuza mgongo. Machozi yako wapi?"

Nikamweleza kwamba machozi yako usoni mwa babu. Katika ile picha Mbwana tunamwona kwa nyuma, mabega yamepanda juu, mikono imeshika ukingo wa ngalawa, na babu anamtazama. Msomaji anayaona machozi kwa kumwangalia mzee.

"Mtoto wa darasa la pili ataelewa hayo?"

"Mwalimu, wewe umewafundisha miaka mingi kuliko mimi nilivyochora. Unaonaje?"

Akacheka. Akasema atawaonyesha wajukuu. Baada ya siku chache akanitumia ujumbe: wajukuu waliuliza kwa nini Mbwana analia, kabla hajawasomea. Kisha akafanya jambo ambalo waandishi wachache hulifanya. Akaifuta sentensi yenyewe. Ukurasa wa 16 sasa una maneno manne tu.

Lakini kwenye ukurasa wa 6 alikataa katakata. Babu anafunga tanga kwenye foromali, na mimi nilitaka mikono ifichwe na mwili ili picha iwe na umbo safi. Mwalimu akasema hapana, mikono ionekane, na kamba ipite hivi na hivi, na akanitumia picha za simu za mikono ya jirani yake akifunga, hatua kwa hatua. Umbo likawa si safi kama nilivyotaka. Nilichora alivyosema, kwa sababu kitabu ni chake na kijiji ni chake, na kwa sababu kulikuwa bado ni penseli. Kufuta ni dakika kumi.

Hiyo ndiyo faida ya penseli: haimtishi mteja. Nimejifunza kutozipendezesha mno. Ukimpelekea mtu penseli iliyonakshiwa, yenye vivuli na mng'aro, ataogopa kuigusa, ataitikia tu, na yale aliyokuwa nayo moyoni yatatoka wakati wa rangi. Namtumia mistari ya kawaida, mingine imefutika nusu. Anaiona kazi bado iko jikoni, naye anasema bila woga. Na namwomba asijibu peke yake. Kama kuna mkurugenzi, mfadhili au mke wa mkurugenzi atakayekuja kuwa na neno, aseme sasa. Kila ofisi ina mtu mmoja ambaye haoni kitu mpaka kimeisha. Kazi ni kumtafuta mapema.

Rangi nazifanya kwenye tableti, ila mistari naichora kwa mkono kwenye karatasi na kuiskani, kwa sababu mkono wangu kwenye kioo huteleza na kunipa mistari isiyo na tabia. Ukurasa wa A4 nauandaa kwa milimita 216 kwa 303, yaani milimita 3 za ziada kila upande zitakazokatwa kiwandani. Bila hizo, kisu kikiyumba kidogo unabaki mstari mweupe pembeni. Kwa nukta 300 kwa inchi, ukurasa uliokwisha kukatwa una pikseli 2480 kwa 3508. Mtu akikwambia anayo "picha kubwa" aliyoitoa WhatsApp, mwambie hizo namba.

Kuhusu rangi ya ngozi nina neno refu kidogo. Kiwanda kinachapa kwa wino nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Programu nyingi, ukiichagulia ngozi rangi ya kahawia kwenye kioo, zinapoibadilisha kwenda kwenye wino hizo huijaza nyeusi. Kwenye kioo huoni tofauti. Kwenye karatasi uso wa mtoto unatoka wa kijivu, kama amepakwa majivu, na ikiwa karatasi ni ya kawaida isiyong'aa, inayonyonya wino na kuufanya usambae, basi ndiyo kabisa: macho na pua vinazama gizani. Vitabu vingi nilivyosoma nikiwa shule vilikuwa hivyo. Nilidhani ndivyo watu weusi wanavyochapika. Siyo. Ngozi naijenga kwa majenta na njano, naizamisha kwa sayani, na nyeusi naigusa kidogo tu. Mbwana ni kama sayani 50, majenta 75, njano 85, nyeusi 15, na babu yake amezama zaidi. Kisha picha nzima naing'arisha kupita ninavyopenda, kwa sababu najua karatasi itaitia giza. Kwenye kioo changu inaonekana imepauka. Mhariri akaniandikia, "Mbona rangi zimefifia?" Nikamwomba asubiri prufu, nakala ya majaribio ya kiwandani.

Buluu ya bahari nayo ina mambo yake. Ile ya maji ya Pangani saa sita mchana, kati ya buluu na kijani, inayowaka, kioo cha simu kinaitoa bila shida kwa sababu ni taa. Wino hauwezi. Ukilazimisha inatoka imechoka. Nikaizungushia mchanga wa rangi ya joto na tanga la kahawia, nayo ikaonekana inang'aa kwa sababu ya majirani zake. Mteja asipoelezwa hili mapema atalinganisha kitabu na simu yake, na kitabu kitashindwa. Kwa hiyo namwambia siku ya kwanza: rangi tutazikubali kwenye karatasi, mchana, karibu na dirisha.

Kazi zote hazifanani na hii. Mabango ya afya yana hatua moja ambayo vitabu huwa vinairuka, nayo ni kuwapelekea michoro watu watakaoisoma kabla haijachapwa. Shirika moja lilinipa bango la kunawa mikono, likitaka nifuate mfano lilioutoa nje: mikono miwili mikubwa, imeishia kwenye vifundo, povu, maji. Tulipoionyesha penseli kwa kina mama waliokuwa kwenye foleni ya kliniki, bibi mmoja akauliza kwa huruma, "Huyu mikono ilikatwa na nini?" Mwenye kuzoea magazeti na televisheni amezoea watu waliokatwa na ukingo wa picha. Asiyezoea anaona kilichopo. Bango la mwisho lina mtu mzima mzima, anayenawa. Vivyo hivyo alama ya vema na ya kosa: hiyo ni lugha ya daftari, na aliyekosa daftari hana sababu ya kujua kwamba mistari miwili myekundu iliyopishana inamkataza kitu. Kuna kisa kinachosimuliwa na karibu kila anayechora mabango ya malaria, cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa wa ukutani wakasema, afadhali, huku kwetu mbu ni wadogo. Sijui kilitokea wapi, lakini kila mara nikitaka kukuza kitu nakikumbuka.

Siku hizi pia wapo wanaokuja na picha iliyokwisha kutengenezwa na akili mnemba. "Kaka, nirekebishie vidole tu." Ukiitazama karibu, vidole ndivyo shida ndogo. Mama anakuna nazi lakini mbuzi haina meno. Amevaa kanga, na pale kwenye jina, panapotakiwa kuwa na maneno ya kumpasha mtu, kuna herufi zinazofanana na herufi. Nyumba ina baraza inayoelea. Mimi siwasimangi, bajeti ni bajeti. Ila bei ya kurekebisha ni sawa na ya kuchora upya, kwa sababu kwa hakika nachora upya, na wengi wakishaelezwa kila kilichokosewa wanaiacha ile picha iwe mfano wa mkao tu. Wapo pia wanaotaka "staili ya Tingatinga". Hao nawaelekeza Oysterbay, kwa mafundi wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 na wapo waliorithi mkono huo, wanapaka rangi ya mafuta inayong'aa kama wanavyopaka, na mimi kuwaigiza kwa tableti ni kuwachukulia riziki bila hata kuwafikia.

Turudi kwenye pesa, maana wengi mnaoniandikia mnauliza hilo kwanza. Ofisi ikikulipa huduma Tanzania nawe ni mkazi, itakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Siyo wizi. Dai cheti cha zuio siku hiyo hiyo, kwa sababu ukikisubiri mpaka mwisho wa mwaka mhasibu atakuwa amehamia kwingine. Ankara yangu inaonyesha kiasi kamili, zuio, na kitakachoingia, ili mteja asije akadhani nimekokotoa vibaya na mimi nisije nikadhani nimepunjwa. Robo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Penseli mteja anazihitaji, rangi anazihitaji, lakini akishapata mafaili hamhitajiani tena. Ndiyo maana mafaili hayatoki kabla ya robo hiyo. Anachopata kabla ni picha ndogo zenye alama katikati, za kutosha kusoma, hazitoshi kuchapa.

Mafaili nayatuma yakiwa na maandishi yametengwa kabisa na michoro, na maandishi yote ni wino mweusi mtupu. Sababu moja ni usafi: kila wino una pleti yake, yaani bamba la kuchapia, na herufi ndogo ikichapwa kwa wino nne, pleti zikipishana hata kidogo inatokea kivuli cha rangi pembeni yake. Sababu ya pili ni ya kibiashara. Kitabu kikitafsiriwa, kiwanda kinabadilisha pleti nyeusi peke yake. Nyingine tatu zinabaki zilivyo.

Na kitabu cha Mbwana kilitafsiriwa. Mchapishaji wa Nairobi alitaka toleo la Kiingereza, akamwandikia mchapishaji wa Dar, naye wa Dar akaniuliza kama nina tatizo. Sikuwa nalo, kwa sababu makubaliano yetu yalisema hakimiliki ya michoro inabaki kwangu, na yeye amepewa ruhusa ya toleo la Kiswahili tu. Mlioko Kenya, au mnaofanya kazi na wateja wa Kenya, sikilizeni hapa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa inahesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Mkinyamaza, sheria imeshasema kwa niaba yenu, na haijasema upande wa mchoraji. Sentensi moja kwenye makubaliano inatosha kuibadilisha. Niandikie nikutumie yangu, uibadilishe majina.

Mkataba wa Nairobi ulikuwa wa ukurasa mmoja: ruhusa ya Kiingereza, kwa idadi ya nakala iliyotajwa, kwa miaka iliyotajwa, na jina la mchoraji kwenye jalada, chini ya la Mwalimu, kwa herufi za ukubwa ule ule. Hilo la herufi tulivutana kidogo. Kisha mhariri wao akaandika kwamba wanakipenda kitabu kama kilivyo, ila kwenye mfululizo wao tayari kuna mtoto mwenye shati la njano, je, la Mbwana linaweza kuwa jekundu? Shati liko kwenye tabaka lake peke yake katika kila faili. Nikamtumia bei.